Tumbo Baada ya Kisu

Siku ya sherehe ya kuniaga, mgeni rasmi alishika kipaza sauti akasema kwamba kwa miaka thelathini na minne nimewasaidia akina mama wa Kitui na Makueni kurudisha shepu. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, nikakata keki, nikapigwa picha. Nilipofika nyumbani nilikaa kwenye kiti nikiwa bado na viatu, na hasira ikanipanda pole pole mpaka chai ikapoa mbele yangu. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaobaki pale fizio, idara ya tiba ya viungo, mnaorithi meza yangu yenye mguu mmoja mfupi, ili mjue kazi yenyewe ilikuwa nini. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini akaulize ofisini. Mimi sikumbuki vizuri.

Nilianza Kitui nikiwa na miaka ishirini na sita, na koti jeupe ambalo mama yangu alikuwa amelipiga pasi mpaka likaweza kusimama lenyewe. Idara yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jikoni ya hospitali. Kulikuwa na kitanda cha mbao, vyuma viwili vya kushikiliwa na wanaojifunza kutembea, taa moja ya joto, mifuko ya mchanga iliyoshonwa kwa mkono, na magongo yaliyorundikwa kwenye kona kama kuni. Kuanzia saa nne asubuhi tulinusa maharagwe. Wagonjwa wetu walikuwa wanaume walioanguka kutoka kwa pikipiki na paa za nyumba, wazee waliopooza upande mmoja, na watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda.

Aliyenipokea ni Mzee Kilonzo, mtu mrefu, mkimya, mwenye mikono mikubwa kama sahani. Asubuhi ile ya kwanza nilichukua faili ya mwanamume aliyevunjika paja, nikaisoma mwanzo mpaka mwisho, nikaanza kumweleza mazoezi yake kama nilivyofundishwa chuoni. Mzee Kilonzo aliitoa ile faili mkononi mwangu akaiweka dirishani. Akaniambia nimuulize huyo mtu anafanya kazi gani. Nikamuuliza, akasema anachimba visima.

"Sasa mfundishe mguu wa mchimba visima," Mzee Kilonzo akasema, akaenda zake kunywa chai.

Huo ndio ulikuwa mwongozo wangu wote wa wiki ya kwanza. Nimehudhuria semina nyingi tangu hapo, na kalamu za bure ninazo droo nzima, lakini sijasikia kitu kilichonisaidia zaidi ya hicho.

Wadi ya wazazi haikuwa yetu. Ilikuwa upande wa pili wa uwanja, na hakuna fizio aliyetia mguu pale isipokuwa kama ana jamaa. Mwanamke akipasuliwa ili mtoto atoke, alishonwa, akaambiwa atembee tembee, na siku ya tatu au ya nne akaenda nyumbani. Nami niliona ni sawa. Nawaambia ukweli, kwa miaka minne sikuwahi kujiuliza swali hata moja juu ya hilo, na mimi ndiye niliyesomea misuli.

Kisha nikapasuliwa mimi. Ilikuwa mimba yangu ya pili, mtoto alikuwa amekaa vibaya, na baada ya siku moja na nusu ya uchungu wakanipeleka thieta. Mtoto alitoka salama, msichana, akilia kwa hasira. Kesho yake sista alikuja akaniambia niinuke nitembee. Nilijaribu kuinuka kama siku zote, kichwa mbele, na maumivu yaliyonikamata yalinirudisha kwenye godoro nikiwa nimeuma leso. Sista akasema, "Si wewe ni fizio? Tufundishe sisi." Hakuwa na ubaya. Wadi nzima ilicheka, na mimi nilikuwa nimelala pale sijui la kufanya na mwili wangu mwenyewe.

Mama alikuja akanifunga tumbo kwa leso mbili, akanipikia uji wa wimbi, akanizuia kunywa chochote baridi. Leso zilinisaidia kusimama wima, sikatai. Lakini niliporudi kazini baada ya likizo, tumbo lilikuwa limening'inia mbele kama mfuko wa mtu mwingine. Nikimshika mgonjwa ili nimhamishe kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, kiuno kilikatika, na siku moja tulianguka wote wawili, mimi na mzee wa watu, chini kabisa. Hakuumia. Mimi nililia chooni.

Mzee Kilonzo alinisubiri nitoke. Alisema kwamba amewahi kuwashughulikia wanaume waliopasuliwa utumbo, na wote walianza kwa kupumua. Nikamwambia mimi sikupasuliwa utumbo, nimezaa.

"Tumbo ni tumbo, Wayua," akasema. "Misuli haijui kama kilichotolewa ni mtoto ama ni kipande cha utumbo."

Akafunga mlango, akanigeuzia mgongo, akatazama ukuta, kwa sababu alikuwa mtu wa heshima zake, na kutoka pale ukutani akaniambia nilale chali, nikunje magoti, niweke vidole juu kidogo ya kitovu, kisha niinue kichwa kama mtu anayetaka kuona vidole vyake vya miguu. Akauliza vimeingia vingapi. Nikamwambia vitatu. Kisha akaniambia nihesabu tena kila mwisho wa mwezi na nimletee namba, si malalamiko.

Kwa mtakaosoma hapa bila kufika darasani: misuli miwili mirefu inashuka mbele ya tumbo kutoka mbavuni hadi chini ya kitovu. Mimba inaisukuma iachane kama mapazia mawili. Baada ya kuzaa inarudiana, lakini si kwa kila mtu na si yenyewe. Mwenye kisu amebeba mzigo mara mbili, kwa sababu chini kuna kidonda kilichoshonwa tabaka juu ya tabaka. Nilichofanya ni hiki. Nilivuta pumzi mbavu zikapanuka. Nikaitoa taratibu kama mtu anayepuliza uji wa moto, na nikiipuliza nikavuta kitovu kuelekea uti wa mgongo, nikakaza na chini kama anayezuia mkojo. Nikahesabu tano, nikaachia. Baadaye nikaongeza kutelezesha kisigino kimoja, kisha kingine, kisha kuinua nyonga. Hakuna jasho, hakuna muziki. Kila nilipoona tumbo linachomoza katikati kama paa la nyumba, nilijua nimejilazimisha, nikarudi nyuma hatua moja. Mwezi wa tano vidole vilikuwa kimoja na nusu. Nilimhamisha yule mzee wa watu peke yangu, na aliniuliza kama safari hii nimekula.

Basi nikavuka uwanja nikaenda wadi ya wazazi bila kuitwa. Nilianza na kitu kimoja tu: kuinuka kitandani. Geuka ubavu kama gogo, shusha miguu, jisukume kwa mikono, pumua nje, simama. Ukitaka kukohoa, kunja leso uibane juu ya kidonda. Nilifundisha hivyo kila asubuhi kabla ya kazi yangu nyingine. Masista walinizoea kama mtu anavyozoea nzi.

Hapa niseme kosa langu, maana sitaki mfikiri nilizaliwa nikijua. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alitoka mji wa Kabati akanijia, mtoto wake akiwa na miezi saba. Alisema tumbo halimuumi. Alitaka tu avae tena nguo zake za zamani, na akasema neno hilo kwa sauti ya chini kama anayekiri wizi. Nami nilimkemea. Nilimwambia kuna wanawake hapa hawawezi kubeba watoto wao, na yeye anawaza marinda. Alichukua mkoba wake, akaniaga vizuri, hakurudi tena. Nilimfikiria kwa miaka. Mwanamume akinijia na bega anataka acheze mpira tena, sikuwahi kumuuliza kama mpira ni wa maana. Anayetaka tumbo lililokaza kwa sababu anapenda kujiona kwenye kioo, ni tumbo lake na ni kioo chake. Mfundisheni.

Nilipohamishiwa Makueni nilienda na mikeka sita. Nikaomba chumba kidogo karibu na wadi, nikaanzisha darasa la Alhamisi kwa akina mama waliopasuliwa, wiki sita baada ya kujifungua na kuendelea, baada ya daktari kuangalia kidonda. Mwanzoni walikuja wanne. Baada ya mwaka chumba hakikutosha, wengine wakalala kwenye korido, watoto wakiwa wamepangwa ukutani kwenye shuka kama viazi. Mhubiri mmoja aliyekuja kuombea wagonjwa alipita pale akakuta wanawake kumi na wawili wamelala chali wameinua nyonga. Aliruka miguu yao akiangalia dari, kisha akaenda moja kwa moja kwa daktari mkuu.

Daktari mkuu wa wakati huo aliniita. Alikuwa mpasuaji hodari, mikono yake ni safi, hilo simnyimi. Aliniambia chumba kinahitajika kwa kuweka dawa, na kwamba hospitali inatibu wagonjwa, urembo una mahali pake.

Nilikuwa nimesimama. Nikamwambia, "Daktari, ukimpasua mwanamume goti, nikimfundisha kulikunja, hiyo ni tiba. Ukimpasua mwanamke tumbo, nikimfundisha kulikaza, hiyo imekuwa urembo?"

Akasema mazungumzo yameisha. Kesho yake nilipewa barua ya onyo yenye makosa mawili ya tahajia kwenye jina langu. Alhamisi iliyofuata nilitandika mikeka kwenye kibanda cha nje, pale mama wanaposubiri watoto kupimwa uzito. Upepo ulitupiga vumbi, na wanaume waliopita walitazama, na mimi nikawatazama wao mpaka wakaona haya. Nilipewa barua ya pili. Nikaendelea.

Ni kwenye kibanda hicho alikokuja Mumbua. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfanyabiashara wa kabeji soko la Nunguni, amepasuliwa mara tatu, na mtoto wa mwisho alikuwa na miezi minane. Alitembea ameinama kidogo. Alikuja na mama mkwe wake, Kalondu, mwanamke wa kimo kifupi mwenye kitambaa cha kichwa kilichofungwa sawasawa, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lao. Nilipomuuliza Mumbua shida ni nini, Kalondu alijibu. Alisema hakuna shida, ni uvivu. Mifuko ya kabeji inabaki shambani, maji yanachelewa kufika.

"Sisi tulizaa," akaniambia, na Mumbua amekaa pale katikati yetu. "Hawa wa siku hizi wanatolewa watoto, halafu wanalala."

Nilimwita Mwaitu, yaani mama, kama tunavyowaita wanawake wa rika lake, nikamwomba atuache kidogo. Alipotoka, Mumbua alifungua nguo. Ndani alikuwa amejifunga mkanda mpana wa mpira alionunua kwa mchuuzi Sultan Hamud, umebana mpaka ngozi imekuwa na michirizi. Mchuuzi alimwambia alale nao. Nilipoufungua, tumbo lilimwagika. Vidole vyangu vinne viliingia katikati ya misuli. Aliniambia mgongo unamuuma mpaka miguuni, na kwamba akikohoa au akiinua kitu, mkojo unamtoka, na tangu avae ule mkanda unamtoka zaidi. Nikamweleza kwamba mkanda unabana juu na uzito wote unasukumwa chini. Akauvua kabisa, hakuurudisha.

Kisha akanieleza habari za kibanda cha sokoni anachouzia kabeji. Kile kibanda ni cha Kalondu. Mama mkwe alikuwa amesema kama Mumbua hataweza kushusha kabeji mwenyewe kutoka shambani hadi barabarani kufikia sikukuu za mwisho wa mwaka, kibanda atampa mke wa mtoto wake mwingine. Ilibaki miezi mitano. Mume wa Mumbua alikuwa dereva wa lori, safari za wiki mbili mbili, na mbele ya mama yake hakuwa na la kusema.

Nilimpa mazoezi, na nikamwambia, kama kitabu kinavyosema, asibebe kitu chochote kizito kuliko mtoto wake kwa miezi mitatu.

Mumbua alinitazama kwa upole kabisa. "Daktari," akasema, "na maji yatapanda mlima yenyewe?"

Niliona aibu. Nilikuwa nimefundishwa jambo moja la maana siku yangu ya kwanza kazini, na mbele ya mwanamke huyu nilikuwa nimelisahau. Jumamosi hiyo nikapanda Nunguni kwenda kuona mwenyewe. Kule juu kuna baridi, ukungu unakaa kwenye matuta mpaka saa tatu, na kabeji zinakuwa kubwa kuliko kichwa cha ng'ombe. Njia ya kutoka mtoni ni mwinuko mtupu. Mumbua alibeba mtungi wa lita ishirini mgongoni, ukining'inia kwa mukwa, ile kamba pana inayopita juu ya kichwa, na nilipomwangalia akiuinua kutoka chini niliona kila kitu. Alizuia pumzi, akapinda mgongo, akasukuma tumbo nje, na uso ukabadilika, maana mkojo ulikuwa umetoka. Alifanya hivyo mara sita kwa siku.

Hatukuacha kubeba. Tulibadilisha kubeba. Nilimwambia achukue mitungi midogo ya lita tano, miwili miwili, safari ziongezeke. Tukatafuta jiwe lenye urefu wa goti pale mtoni, mtungi ukawa unawekwa juu yake kwanza, ili asiinue kutoka chini. Pumzi nje, kaza chini, kitovu nyuma, ndipo usimame. Kabeji vivyo hivyo: nusu mfuko, kutoka kwenye ukingo wa tuta. Mazoezi ya kulala chali alifanya asubuhi kabla watoto hawajaamka. Mwezi wa kwanza namba yake haikubadilika, akataka kuacha. Nikamuuliza mgongo wake unaendeleaje. Akafikiria, akasema umepungua. Mwezi wa pili akakohoa mbele yangu, akasubiri, akaangua kicheko.

Kalondu aliona mitungi midogo akasema ni michezo ya watoto. Lakini alikuwa anaangalia. Mumbua aliniambia mama mkwe wake amekuwa na tabia ya kufagia uwanja karibu na dirisha lake alfajiri.

Ni Mumbua aliyewaza kanisa. Kibanda chetu cha hospitali kilikuwa kimepewa kazi nyingine, barua ya tatu ilikuwa imefika, na wanawake wa milimani hawakuwa na uwezo wa kuja Makueni kila Alhamisi. Aliomba ukumbi wa kanisa Jumamosi moja. Ombi lilipaswa kupita kwa mwenyekiti. Kalondu akasema atakubali mara moja tu, asikie mwenyewe, ili akikataa akatae akijua.

Walikuja wanawake kama thelathini. Viti vilisukumwa ukutani. Nikawaeleza misuli kwa kutumia mapazia mawili ya dirisha la ukumbi, kisha nikauliza ni nani hapa amewahi kupasuliwa. Hakuna aliyeinua mkono. Niliwatambua watano ambao niliwainua mimi mwenyewe kitandani pale wadi. Wote waliangalia sakafu. Mumbua akainua mkono peke yake. Mwanamke mmoja nyuma akasema, si kwa sauti kubwa, kwamba si wote wanaojivunia kushindwa.

Kalondu akasimama. Nilijua sasa anafunga mkutano, nikaanza kukunja mkeka.

"Niketieni vizuri," akawaambia. "Huyu bwana ya Mumbua, huyu Mutua wangu, ndiye kitinda mimba. Tulikuwa tunakaa Sultan Hamud, baba yake alikuwa anafanya kazi ya reli. Siku tatu nilikuwa na uchungu. Wakanipasua kutoka hapa mpaka hapa." Akaweka kidole kwenye kitovu juu ya nguo, akakishusha chini polepole. "Tuliporudi nyumbani niliambia watu nilikuwa na malaria. Mama mkwe wangu alikufa bila kujua. Hata dada yangu hajui."

Mumbua aligeuka akamwangalia. Miaka kumi na moja alikuwa ameolewa katika nyumba ile, na kwa miaka kumi na moja alikuwa ameambiwa hajazaa.

"Mwaitu," akasema, "ungeniambia."

"Na mimi nani aliniambia?" Kalondu akajibu.

Hakulia, wala hakuomba msamaha. Hakuwa mtu wa hayo. Alivua viatu, akavipanga pembeni, akaja katikati ya ukumbi akalala kwenye mkeka wangu, chali, magoti yamekunjwa, mbele ya akina mama wote anaowaongoza. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini. Nikapiga magoti nikaweka vidole. Viliingia vinne. Nikamuuliza taratibu, sikioni, kama mkojo unamtoka. Akanijibu kwa sauti ambayo ukumbi mzima ulisikia kwamba unamtoka, na kwamba unamtoka tangu Mutua akiwa mtoto, na kwamba ndiyo sababu kanisani haimbi akiwa amesimama.

Nilipoinua macho, mikono ilikuwa imeinuliwa. Sikuihesabu. Yule wa nyuma aliyesema neno la kushindwa alikuwa mmoja wao.

Sasa niwaambie mambo yalivyokwisha, bila kuongeza chumvi. Mumbua alishusha kabeji zake barabarani mwezi wa kumi na mbili, nusu mfuko kwa nusu mfuko, na kibanda kikabaki chake. Misuli yake haikufungana kabisa. Iliishia kidole kimoja na nusu, na ngozi ya chini ya kitovu imekunjamana mpaka leo, kwa sababu ngozi si misuli na hakuna zoezi nililoliona likiirudisha. Mgongo haumuumi. Yeye ndiye anayeongoza wanawake wa Nunguni kwenye ule ukumbi siku hizi, na nimemsikia akiwakaripia vibaya kuliko mimi. Kalondu alipunguza kidole kimoja tu kwa mwaka mzima. Kwa umri wake niliona ni ushindi, yeye akaona ni kidogo, akaendelea. Mkojo ulikoma karibu wote.

Baada ya barua ya tatu nilijiandaa kufukuzwa. Sikufukuzwa. Daktari mkuu alihamishwa, mwingine akaja, naye hakuwa na habari na ugomvi wetu. Alinipa chumba kwa sababu nilikuwa wa kwanza kukiomba asubuhi hiyo. Nimetamani mara nyingi kuwaambia nilishinda kwa hoja.

Ninyi mtapata upinzani wenu. Hautakuja na barua siku hizi. Utakuja kwa simu, picha za wanawake wenye matumbo bapa wiki mbili baada ya kujifungua, chai za kuyeyusha tumbo, mikanda yenye majina mapya. Wagonjwa wenu watakuja wamefanya mazoezi mia ya kuinua kiwiliwili wakiwa na kidonda cha mwezi mmoja, na pengo limezidi. Msiwacheke. Wapimeni kwa vidole. Ukiona uvimbe unaotokeza kwenye kovu mtu akikohoa, usimfundishe chochote, mpeleke kwa mpasuaji siku hiyo hiyo. Ukiambiwa unapoteza wakati wa hospitali, poteza zaidi.

Ijumaa yangu ya mwisho nilipita wadi ya wazazi kama kawaida. Kwenye kitanda cha karibu na ukuta kulikuwa na msichana wa miaka ishirini na mbili, siku ya pili baada ya kisu. Tangu jana alikuwa amekataa kuinuka. Mama yake alikuwa anamlisha uji kwa kijiko. Masista walikuwa wamemsihi mpaka wakachoka. Niliketi ukingoni mwa kitanda, nikamuuliza anafanya kazi gani. Akasema ni kinyozi, anasimama kutwa. Kisha akaniuliza, akiangalia dari, kama tumbo lake litarudi kama zamani.

Mama yake alinikonyeza nimpe jibu zuri.

"Hapana," nikamwambia. "Langu halikurudi. Lakini nilisimama nalo, na nimefanya nalo kazi mpaka leo. Geuka ubavu."

Alinichukia kidogo, niliona. Lakini akageuka. Akashusha mguu mmoja, akashusha wa pili, akabana leso juu ya kidonda. Mama yake akaweka kikombe chini ili amshike, nikamwomba asimguse. Msichana akatoa pumzi, ndefu, kwa meno yaliyokazana, akasimama. Alisimama pale kwa dakika nzima, kisha akaanza kwenda, mkono mmoja ukifuata ukingo wa vitanda. Alipofika mlangoni aligeuka akauliza choo kiko upande gani.

Nikamwonyesha kwa kidole, nikabaki nimeketi.